Kumtafutia Mama Kwao

Tangu nirudi sijamaliza nguo hata moja. Kila anayekuja kupimwa gauni anavuta kigoda, anajifanya anasubiri zamu yake, kumbe anataka kusikia habari za kusini. Nikianza kusimulia, mkasi unalala mezani, na jioni wenye nguo zao wananilaumu. Kwa hiyo nimeiandika safari yote. Anayetaka aisome hapo mlangoni, akimaliza anipishe nishone.

Habari za tiketi na kuomba ruhusa kwa mume wangu nimeziacha. Hazina utamu.

Morogoro: mtu anayeambiwa arudi kwao

Wengi mnamjua mama yangu, Bi Somoe, yule mama mfupi anayekaa kwenye mkeka nyuma ya cherehani yangu akichambua mboga. Mnamjua kwa upole. Labda hamjui upole ule umetoka wapi.

Mama alizaliwa kwenye shamba la mkonge huku Kilosa. Baba yake, Issa Lipwata, na mama yake, Fatu, walitoka kusini kuja kukata mkonge, na wote wawili walifariki mama akiwa bado mdogo. Majirani wa kambini wakamlea. Walimlea vizuri, nguo walimpa na chakula walimpa, lakini kila palipotokea ugomvi, hata wa ndoo ya maji, neno lilikuwa moja: "Rudi kwenu." Naye hakujua kwao ni wapi. Akanyamaza. Aliolewa na baba yangu, Mgogo mwenye ndugu wa kujaza lori, na ukweni nako, mawifi walipochafukwa, neno likawa lile lile. Mama yangu hajawahi kumjibu mtu vibaya maisha yake yote, maana mtu asiye na pa kurudi anachagua maneno.

Mwaka huu miguu yake imeanza kukataa ngazi. Siku moja ananiambia, tena kama anayeomba chumvi, "Salima, ningependa kujua kama kuna watu wangu. Nisije nikafa nikiwa wa kuokotwa." Nilikuwa nimeshika kitambaa cha watu, nikakikata mrama.

Alichokijua ni kidogo. Baba yake alikuwa akitaja Naipingo, upande wa Nachingwea. Na yeye mwenyewe alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Fatu, aliyeitwa Somoe. Basi. Nikashona gauni moja la kitenge, zuri kupita yote niliyowahi kushona, la kumpa mwanamke mkubwa wa ukoo nitakayemkuta huko, nikalikunja kwenye mkoba, nikaondoka.

Mbagala hadi Nachingwea: ming'oko na sare za shule

Basi lilitoka Mbagala alfajiri, likaenda vizuri mpaka tulipopita Mtama, likazima. Dereva akashuka, utingo akashuka, wakafungua huku na kufunga kule, kisha utingo akatutangazia kwamba ni mkanda tu, dakika chache. Wenye uzoefu walitandika kanga zao chini ya mikorosho wakalala. Mimi mgeni nikasimama barabarani nikimkodolea macho utingo, kana kwamba macho yangu yangeshona ule mkanda.

Tulikaa hapo mpaka jua likageuka upande. Lakini sijutii. Kulikuwa na mwanamke wa Ruangwa mwenye kiroba cha sare za shule alizonunua Dar za kwenda kuuza, na kiroba kilikuwa kimepasuka, mashati yanachungulia nje. Sindano yangu haikai mbali, huwa naichomeka kwenye ukingo wa mtandio. Nikakishona kile kiroba palepale, mshono wa kurudi nyuma, imara. Akakivuta kwa nguvu zake zote, kikagoma kufumuka.

"Wewe fundi kweli," akasema. Nami nikavimba kichwa, siwafichi.

Akanilipa kwa ming'oko. Kwa msioijua, ni mizizi ya porini, myembamba na mirefu, inachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Nikauma mmoja na ganda lake, nikatafuna, nikatafuna tena, mwisho nikameza kwa heshima. Yule mwanamke alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanionyesha jinsi ya kuumenya kwa meno. Ukiisha kumenya ni mtamu, unafanana na kiazi kilichokaa karibu na njugu.

"Unakwenda kwa nani Nachingwea?" akaniuliza.

"Nakwenda kwetu," nikajibu. "Naipingo. Kwa babu yangu mzaa mama."

Akanitazama kidogo. "Kwa babu," akasema. "Haya, wasalimie." Wakati ule sikuona kitu katika maneno hayo. Utingo alikuwa anapiga kelele tupande.

Naipingo: nyumba niliyodhani ni yetu

Nachingwea asubuhi ni baridi, wenzangu, msidanganywe na watu wanaosema kusini ni joto tu. Nilivaa sweta juu ya gauni nikapanda bodaboda. Kijana mwenyewe, baba wa watoto wawili kama alivyonijulisha njiani bila kuulizwa, alinihakikishia: "Usiwe na presha, bi mkubwa, Naipingo tunatoboa freshi kabisa." Tukatoboa kweli, kupita mashamba ya mbaazi na ufuta uliokwisha kufungwa mafungu na kusimamishwa ukauke.

Niliuliza nyumba ya kina Lipwata, na nyumba ya tatu nikawapata. Hivi hivi! Mzee Rashidi, mtoto wa dada yake babu Issa, alikuwa anarekebisha jembe uani. Nikajieleza. Akaweka jembe chini, akanishika mikono yote miwili, akaita watu kwa Kimwera, na uwanja ukajaa. Walikumbuka. Issa alikwenda mkonge na mkewe, hawakurudi. Kuna bibi mmoja alinishika kidevu akanigeuza geuza kama anayekagua kitambaa.

Nilishindwa kusubiri. Nikampigia mama. "Mama, nimefika kwetu!" nikapaza sauti. "Tuna watu, mama, tena wengi, wamejaa uwanja!" Nikasikia simu inaanguka, kisha sauti ya mama ikimwita jirani, kisha shangazi yangu, wifi yake mkubwa, kisha mtaa mzima. Mama yangu asiyepaza sauti alikuwa anatangaza: "Salima amefika kwetu!"

Wakanichinjia kuku wakampika kwa korosho zilizotwangwa, mchuzi mzito mweupe, ugali wa muhogo pembeni. Nilikula bila aibu. Tulipomaliza kunawa, nikauliza kaburi la babu mkubwa liko wapi, nikauliza kama mama anaweza kuja kukaa hapa siku zijazo, kwenye kiwanja cha ukoo wetu. Mzee Rashidi akasafisha koo.

"Mwanangu," akasema, "hapa ni kwa babu yako. Mama yako akija tutampokea, atakula, atalala. Lakini hapa siyo kwao."

Nikadhani ananitania. "Mama yangu ni Somoe Issa Lipwata," nikamwambia.

"Hilo Lipwata ni la kuandikia shuleni. Mtoto ni wa mama yake. Mama yako ni wa kwao Fatu, na wewe ni wa huko huko. Hata Issa angekuwa hai angekwambia hivyo. Sisi ni watu wa mama yake Issa."

Baba yangu ni Mgogo. Kwetu sisi mtoto ni wa baba, haliulizwi hilo, na mimi nilipita Tanzania nusu nzima nikifuata jina la mwanamume bila hata mara moja kuwaza kwamba huku mambo yanahesabiwa kwa mwanamke. Nilikaa pale na tumbo limejaa kuku wa watu, nikijiona mgeni. Niliyemwonea uchungu hasa ni mama. Wakati huo mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima. Shangazi yangu akijua kwamba tulishangilia kwa watu wengine, mama hatakuwa tena mtu asiyejua kwao tu. Atakuwa aliyekwenda kwao akarudishwa.

"Fatu alitoka wapi?" nikauliza.

Wakashauriana kwa Kimwera muda mrefu. "Aliolewa hapa akitokea Mbekenyera," Mzee Rashidi akasema mwishowe. "Huko Ruangwa. Mtafute mjomba wa mama yako, au mtoto wa mdogo wake Fatu. Ndio wenye neno."

Mama alipiga simu mara nyingi jioni ile. Nilipokea moja, nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Mnero, ambako sikupanga kufika

Gari la Ruangwa lilikuwa Noah, na dereva aliita "Ruangwa, Ruangwa!" mpaka likajaa. Tulipofika njia panda akakata kona kuelekea Mnero. Nikadhani ni mimi peke yangu sijaelewa, kisha nikalipuka. Nilimwambia dereva maneno ambayo mume wangu ananijua nayo. Abiria wakanitazama. Dereva akanionyesha kiti cha nyuma kwa kidole gumba: mama mjamzito, ameuma kanga yake, anapelekwa hospitali. Abiria wote walikuwa wanajua na wote walikuwa wamekubali. Nikaomba radhi, nikamfunga yule mama mtandio wangu kiunoni, na tulipofika nikamshika mkono mpaka mlangoni, akanirudishia mtandio.

Dereva alisema anasubiri apate abiria wengine. Nikakaa kwa mama lishe, karibu na kanisa. Pale mezani alikuwapo mwalimu mmoja wa Musoma aliyepangiwa kazi huku, anakula kisamvu cha korosho na bado analalamika kwamba hakuna samaki wa maana. Nikamsimulia mkosi wangu.

Akacheka kwa huruma. "Dada, mimi nilipofika, mtoto akikosea shuleni nilikuwa naita baba yake. Baba anakuja, ananisikiliza kwa adabu, anaitikia, anaondoka, na mtoto habadiliki. Mwaka mzima! Mpaka mwenzangu mmoja akaniambia nimwite mjomba. Mjomba alikuja mara moja tu, na jambo likaisha."

"Sasa huyo mjomba wangu atanipokea?"

Mwalimu akasukuma sahani. "Hilo sijui. Msimu huu watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Ndugu wengi wa mjini wanakumbuka kwao msimu kama huu, wakiona mikorosho inakaribia kutoa maua. Mtoto wa kike wa ukoo ana haki huko, wanaijua. Wakikuona na mkoba watajua umefuata mikorosho."

"Mimi ni fundi cherehani! Mkorosho nitaupeleka wapi?"

"Waambie hivyo hivyo," akasema, lakini uso wake haukuwa na matumaini makubwa.

Ruangwa hadi Mbekenyera

Ruangwa nililala, asubuhi nikapanda pikipiki tena. Barabara inapanda na kushuka vilima, vumbi jekundu, na kila penye mikorosho kuna watu wamejifunga vitambaa usoni, mashine mgongoni, wanapuliza unga wa njano juu ya majani. Upepo ulitugeukia. Nilipofika Mbekenyera gauni langu la bluu lilikuwa limepata madoa ya njano kuanzia bega hadi pindo, na harufu yake imenikalia puani hadi leo. Nilijikung'uta nikajitengeneza mtandio. Fundi hafiki kwa watu akiwa hovyo.

Niliuliza kina Fatu binti Somoe. Kila niliyemuuliza aliniuliza kwanza mimi ni nani, natoka wapi, nimekuja kwa kazi gani. Nilijibu yote. Mwishowe nikapelekwa kwa Mzee Bakari, mtoto wa kiume wa mdogo wa kike wa Fatu. Kwa hesabu za huku huyo ni kaka yake mama kabisa, yaani mjomba wangu.

Barazani kwa Mjomba Bakari

Alikuwa ametoka kupuliza mikorosho, nyusi zake bado zina unga wa njano. Mrefu, mkavu, shati lake limekatwa vizuri ila vifungo viwili si vya asili. Nikaketi kwenye mkeka, nikamwamkia, nikasema yote tangu mwanzo: mkonge, kifo cha Fatu, mama kulelewa na majirani, jina la Somoe. Mkewe na dada zake walikaa mlangoni wakisikiliza. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, Mjomba Bakari akatazama uwanja.

"Fatu tulishamlia," akasema taratibu. "Wazee walingoja miaka, wakaona hakuna habari, wakafanya matanga. Hatukuambiwa kama aliacha mtoto."

"Aliacha. Yuko hai. Anaitwa Somoe."

"Kina Somoe huku wamejaa, mwanangu. Ukirusha jiwe linampata mmoja."

"Sikufuata mikorosho, mjomba."

"Sikuitaja mikorosho."

"Mnaifikiria!"

Nilijuta neno likiwa bado mdomoni. Wale dada zake wakatazamana. Mjomba akasema kwa upole ule wa mtu anayefunga mlango polepole: "Utakula, utapumzika, kesho utapata gari. Sisi hatuwezi kumkubali mtu kwa maneno ya barabarani. Aliyeweza kutuambia kweli ni marehemu peke yake."

Niliona mkeka wa mama nyuma ya cherehani, na shangazi yangu mlangoni akiuliza, "Eh, hao watu wa Somoe wamefikia wapi?" Sikulia. Nilibana meno nikaanza kukusanya mkoba wangu.

Ndipo akaingia mwanamke wa makamo ya mama, ungo wa ufuta kichwani, kanga mbili zisizofanana mwilini. Aliutua ungo, hakuamkia mtu, akanizunguka mara moja akiniangalia juu hadi chini. Jina lake nililijua baadaye: Bi Zuhura, wa nyumba ya pili.

"Huyu ndiye mnayesema amekuja?" akauliza.

Hakungoja jibu. Akanipokonya mkoba. Akaufungua, akaingiza mkono, akatoa lile gauni la kitenge, akalikung'uta hadharani, akalivaa juu ya kanga zake. Lilimbana kifuani. Akajigeuza mbele ya watu.

"Tazameni ukoo wa walafi," akasema. "Mlikula mbegu mkalia njaa, na leo mmeleta mtu wa kutuletea gunia lenye mikono. Nani kakufundisha kushona wewe, panya?"

Mimi niambiwe kila kitu, lakini si kushona. Niliruka. Nilishika gauni kwa mbele nikavuta, naye akavuta, tukazunguka uwanja mzima mimi nikimwambia vua, mwizi mkubwa, mzee mzima huna haya, naye akinicheka usoni na kunipiga kwa mtandio wangu mwenyewe ambao sijui aliupata saa ngapi. Ungo wa ufuta ulipinduka. Niliinua mkono, namshukuru Mungu sikuushusha.

Nikagundua kwamba mimi peke yangu ndiye mwenye hasira. Wanawake mlangoni wameziba midomo kwa kanga. Mjomba Bakari ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Bi Zuhura akaniachia, akasimama katikati ya uwanja, gauni langu limemkaa upande.

"Bakari," akasema, na sasa hakucheka. "Mimi ni mtani wenu. Bibi yangu alikuwa mtani wa bibi yenu, na wa nyuma yao hivyo hivyo. Ninyang'anye mtu wenu, ni haki yangu. Nikimnyang'anya mtu baki, mimi ni mwizi, nipelekwe kwa mgambo. Nimemnyang'anya huyu mkoba na mtandio na nguo mbele ya macho yako. Mbona hujaniita mwizi?"

Mjomba akajifuta unga wa njano kwenye nyusi.

"Nakuuliza tena. Kama si wenu, simama useme, 'Zuhura, mwachie mgeni wa watu.' Nitavua sasa hivi, nitaomba radhi, nitakwenda kwangu. Sema."

Wenzangu, nimekaa kwenye baraza nyingi, sijawahi kusikia ukimya ule. Mimi mwenyewe nilikuwa nahema, nywele wazi, nusu naelewa na nusu sielewi. Nawajua watani. Baba yangu hutaniana na Wahehe mpaka wanafukuzana. Lakini sikujua kwamba mtani anaweza kusimama mbele ya ukoo akaulazimisha useme mtu ni wake au si wake.

Mjomba Bakari akainuka. Akamtazama Bi Zuhura, akanitazama mimi, akatazama mkono wangu uliokuwa bado umefumba ngumi.

"Hasira hizi," akasema, "ni za mama yangu mzazi kabisa." Kisha akacheka kwa sauti, akamwambia Bi Zuhura, "Ondoka na gauni lako, nyang'au. Umeliharibu."

"Naondoka nalo!" Bi Zuhura akajibu. "Siku ya matanga ya Fatu sisi watani hatukupata haki yetu, hata sufuria. Mlituambia hakuacha kitu."

Dada zake mjomba walipiga vigelegele. Mmoja akanikumbatia, mwingine akaokota ufuta, mwingine akaanza kulia kwa kumtaja Fatu kama vile amefariki wiki iliyopita. Nami nikalia sasa, sikubana tena. Nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuipata kwa nguo yoyote niliyoshona. Nilikuwa nimetukanwa, nimevuliwa, nimeibiwa mchana kweupe, na sijawahi kuheshimiwa hivyo na mtu.

Mjomba aliniketisha kwenye kigoda chake. Akanitajia wanawake wetu mmoja mmoja, kutoka Fatu kwenda kwa Somoe, kwenda nyuma zaidi, na kila jina dada zake waliitikia. Jina la ukoo wetu silitaji hapa. Anayelitaka aje nyumbani, aketi kwenye mkeka, mama amtajie mwenyewe.

Mbele ya ghala

Kijijini simu inashika vizuri mbele ya ghala la ushirika, kwa hiyo tulikwenda wote, mimi, mjomba, wale dada zake ambao sasa ni mama zangu, na Bi Zuhura amevaa gauni. Watu waliokuwa wameleta ufuta kupimwa wakaacha magunia wakatusogelea.

Mama alipokea kabla simu haijaita vizuri. Sauti yake ilikuwa chini. "Salima. Tangu juzi hupokei. Shangazi yako ananiuliza, sina la kumjibu. Kama wamekukataa niambie tu, mama, nimezoea."

Nilifungua mdomo nimweleze yote, ya Naipingo na ya leo. Sikupata nafasi. Bi Zuhura alinipokonya simu.

"Wewe Somoe!" akafoka. "Ukoo wa waliokula mbegu! Umekaa huko mpaka umezeeka, unakula mkonge kama mbuzi, hata salamu hutuletei? Meno bado unayo, au umeyala nayo?"

Mama yangu! Mama aliyesemwa na kila mtu maisha yake yote, sasa anasemwa na mtu asiyemjua, na hajui ni utani. Nikanyoosha mkono niichukue simu, Bi Zuhura akaibana. Akabonyeza spika ili watu wote wasikie.

Nikasikia cherehani ya jirani yangu kwa mbali, kule Morogoro. Kisha mama akasema, polepole, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu cha siku nyingi:

"Na ninyi mliokimbia nyani mkawaachia shamba, mnaongea na nani?"

Uwanja wa ghala ulilipuka. Watu walipiga magunia kwa viganja. Mjomba Bakari aliinama akashika magoti. Bi Zuhura aliweka mkono kichwani, akapiga ukelele wa furaha, akasema kwa watu wote kwamba hilo ndilo tusi lao hasa, hakuna mtu baki anayelijua, hilo ni la nyumba kwa nyumba.

Nilichukua simu nikaiweka sikioni. "Mama, hilo neno umelitoa wapi?"

"Mama yangu alikuwa akilisema," mama akajibu. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imesimama, sijawahi kuisikia imesimama hivyo. "Akipepeta mahindi alikuwa analisema peke yake na kucheka. Mimi nilidhani ni wimbo wa kuchekesha watoto. Nani huyo aliyekuwa anaongea?"

"Ni mtani wenu, mama. Wa kwenu. Usiumie, hana nia mbaya, ndivyo walivyo, nitakueleza vizuri, nimemwambia aache sasa..."

"Salima," mama akanikatiza. Mama yangu, ambaye hajawahi kumkatiza mtu. "Mrudishie simu. Hajamaliza kunitukana."